Weka na ya Kutolea

Hivi jamani, nani aliyeomba haya mabadiliko? Mimi sikuomba. Sikusaini popote, sikuitwa kikaoni, hata soda ya kikao sikunywa. Lakini kila kinachogunduliwa huko duniani, kila sheria inayopitishwa Dodoma, kila wazo linaloletwa na waliosoma, mwisho wa safari yake ni mfuko wangu wa suruali. Tena ule wa nyuma, wenye tundu.

Mpwa wangu yuko chuo kikuu. Anasoma mambo ya jamii, somo lenye jina refu ambalo sijawahi kulifikisha mwisho. Juzi tumekaa dukani kwa Mangi, mimi na soda ya kuandikwa kwenye daftari, akaanza kunifundisha. Eti jamii inabadilishwa na vitu vitatu: teknolojia, siasa na mawazo. Anahesabu kwa vidole. Watu wa kibarazani wanatikisa vichwa. Nikamuuliza, na mimi je, niko kidole kipi? Akanitazama kwa huruma.

"Anko, wewe ndiyo jamii yenyewe."

Mangi akacheka mpaka akakosea chenji. Aliyepunjwa nani? Jamii.

Sasa ngoja nikueleze nilivyobadilishwa, maana ukimsikiliza mpwa wangu utadhani ni jambo la heri. Mimi ni mtu wa Masasi. Dar nimekuja kijana, nikabaki, sasa ni karani wa duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo. Karani ni jina tu, kazi yenyewe ni kubeba saruji. Lakini kule nyumbani mtu akishafika Dar anahesabiwa tajiri. Hawaulizi umepanga chumba gani. Hawaulizi godoro lina umri gani. Dar ni Dar. Kwa hiyo shangazi yangu, Mungu amzidishie, ananiomba hela tangu enzi za mzee Mwinyi.

Na zamani kuombwa hela kulikuwa raha. Usinishangae. Kuombwa ni jambo moja, kutoa ni jambo lingine, na katikati yake ulikuwepo mto Rufiji.

Vijana hamjui. Barabara ya kusini ile, masika ikishika, imekwisha. Basi linazama kwenye tope, abiria wanashuka, wanapika uji barabarani, watoto wanapata marafiki wapya. Kivuko cha Ndundu kikigoma, nyote mnalala kando ya mto mkisikiliza viboko. Hela ilikuwa inakwenda kwa bahasha. Unatia noti, unabandika gundi, unamkabidhi konda au mtu anayekwenda msibani. Ama uende Posta ukajaze fomu, halafu shangazi naye apande gari mpaka Masasi mjini kuulizia, aambiwe arudi Jumatano.

Barua ya shangazi ikinifika Machi, naijibu Mei. "Shangazi, nilishatuma. Labda mvua."

Labda mvua! Maneno mawili tu, nimesamehewa. Nani atabishana na mvua? Nchi nzima ilikuwa inanisaidia kusema uongo. Mto upande wangu. Tope upande wangu. Konda mlevi, ambaye nilimbuni mwenyewe na hata jina nikampa, yuko upande wangu. Shangazi akawa anamwombea huyo konda aache pombe.

Halafu ikaja siasa.

Mwaka 1995 tukamchagua Mkapa. Mtu wa kwetu kabisa, wa Lupaso, Masasi hiyohiyo. Nilishangilia mpaka sauti ikakauka. Kaulimbiu yake ilikuwa Ukweli na Uwazi, na mimi nikaipigia makofi bila kuisikiliza vizuri. Nilidhani ni ya mawaziri. Mwaka 2003 likafunguliwa daraja pale Rufiji, karibu kilometa nzima, likapewa jina lake. Watu wa kusini walilia kwa furaha. Mimi nililia pia, waliniona. Mzee wetu apumzike kwa amani, alitutendea mema, lakini siku ile kisingizio changu kikubwa kilikatwa utepe mbele ya kamera.

Ikabaki Ndundu mpaka Somanga. Kilometa 60 bila lami. Kipande kile kilinilinda jamani. Ujenzi wake ulichelewa, ukachelewa tena, watu wakawa wanapiga kelele bungeni na magazetini. Nchi nzima mtu aliyekuwa anafurahia ule ucheleweshaji ni mimi peke yangu. Ikifika masika nakaa karibu na redio nisikie kama magari yamekwama. Yakikwama, nachukua kalamu.

Kumbe wakati mimi nalinda barabara, adui anapita juu.

Mnara! Siku moja shangazi ananipigia simu. Shangazi! Wa kule kijijini! Nikamuuliza uko wapi, akasema niko chini ya mkorosho. Eti mnara umewekwa. Mpwa wangu ndiye aliyenieleza baadaye kwamba makampuni ya simu hayakuwa na hamu na vijiji vya namna ile kwa sababu hakuna faida, ndipo serikali ikatunga sheria mwaka 2006, ukaanzishwa Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, wa kuyapa makampuni ruzuku ili yapeleke minara huko ndani. Kwa Wote! Hebu fikiria. Kodi inatoka kwangu, inapita Dodoma, inageuka ruzuku, ruzuku inageuka mnara, mnara unageuka shangazi.

Tena hapigi, anabipu. Mlio mmoja, kimya. Maana yake nimpigie mimi, kwa vocha yangu, ili aniombe hela. Nisipopiga anabipu tena. Nikizima simu anabipu kwa mke wangu, mama Zai, na mama Zai anapiga palepale, wanaongea, wanacheka, halafu naletewa simu ikiwa bado ina joto. "Shangazi huyu."

Nikajipa moyo. Simu haibebi noti. Nitamsikia, nitamwonea huruma, hela bado itasubiri konda.

Sasa hapa ndipo Wakenya walipoingia, na mimi sina ugomvi na Wakenya. Mpwa wangu anasema M-Pesa haikukusudiwa kutumiana hela. Ilikusudiwa marejesho ya mikopo. Kampuni ya Vodafone ya Uingereza na serikali ya huko, wakachanga, serikali peke yake karibu pauni milioni moja, wakaenda kufanya majaribio Kenya mwaka 2005 ili wakopaji wadogo walipe madeni yao kwa simu. Wakopaji wakaupokea mtambo, wakaona kumbe humu unaweza kumrushia na mtu mwingine. Wakaanza kurushiana wenyewe. Wakubwa wakaona, wakaacha hadithi za marejesho, Machi 2007 wakautangazia umma kwamba tuma pesa nyumbani. Mwaka uliofuata huduma ikavuka mpaka ikaja kwetu.

Kwa hiyo hata wataalamu wenyewe hawakujua wanafanya nini! Wanaona mtu mmoja kule Thika kamrushia mke wake hela ya unga, na mimi wa Dar nimeangamia.

Maana sasa shangazi akiniomba ananiambia, "Nasubiri hapahapa, usikate." Usikate! Nitaleta uongo gani ndani ya dakika mbili? Mimi uongo wangu ulikuwa wa miezi miwili. Nikajaribu mtandao. "Shangazi, mimi niko mtandao huu, wewe uko ule, haiingiliani." Huo ulikuwa uongo mzuri, tena ulikuwa kweli. Nikautumia kwa raha zangu. Kumbe mwaka 2014 makampuni yameanza kuelewana, na kufika 2016 hata ile kubwa imeingia, ukituma huku inapokelewa kule. Tanzania tukasifiwa mpaka nje kwa kutangulia kwenye hilo. Kila tunaposifiwa nje, mimi huku ndani naumia.

Na ile kauli! Nani aliyewafundisha ile kauli? "Mwanangu, nitumie elfu ishirini, weka na ya kutolea." Yaani nikulipe, halafu nikulipie gharama ya kulipwa. Konda wangu mlevi hakuwahi kunidai ya kutolea.

Mara moja tu serikali ilinikumbuka. Ule usajili wa laini kwa alama za vidole. Ilikuwa mwisho Desemba 2019, Rais Magufuli akaongeza siku ishirini, mpaka Januari 20. Nikaenda. Foleni ndefu, jua kali, yule binti ananiambia weka kidole. Naweka. Hakisomi. Weka kingine. Hakisomi. Saruji bwana, imekula vidole vyote, mashine inaniona sina mikono. Binti akaita wenzake waje waangalie. Akanipaka mafuta. Akaniambia, "Baba, wewe ukiiba hukamatwi." Foleni nzima ikacheka, mtu wa nyuma akasogeza mfuko wake.

Laini ikafungwa. Na nakwambia ukweli, zile wiki nilinenepa. Kimya. Hakuna mlio. Nikawa naangalia simu inavyong'aa bila kazi, napata usingizi mchana. Mpaka mama Zai akaja na habari njema kwamba shangazi alikuwa na shida, yeye kamtumia kwa laini yake, na sasa ananidai.

Julai 2021 nikapata matumaini tena. Tozo ya miamala! Shilingi 10 mpaka shilingi 10,000 kwa muamala, kutegemea kiasi. Nchi ikanung'unika, mimi nikanung'unika kwa sauti kuliko wote huku moyoni nacheza. Nikampigia shangazi mwenyewe, bila kubipiwa. "Shangazi, serikali imekaza. Tozo. Haitumiki tena." Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akanitajia kiwango cha tozo ya elfu ishirini, cha kutuma na cha kutoa, akanipigia hesabu kwa kichwa. Redio anayo. Muda anao. "Weka na ya kutolea, weka na ya tozo." Septemba ikapunguzwa asilimia 30, akanipigia kunipongeza.

Ukitaka kujua nilivyoharibikiwa, kuna zile meseji za matapeli, "ile hela tuma kwenye namba hii." Wenzangu wanazicheka. Wanamjua tapeli kwa sababu hawadaiwi. Mimi nadaiwa na fundi kabati, na Mangi, na mwenye nyumba, na kamati mbili za harusi. "Ile hela" inaweza kuwa ya yeyote! Ikaingia moja usiku, nikaisoma, nikaona aibu, nikajibu kwa adabu: "Ndugu yangu, nivumilie mpaka mwisho wa mwezi." Tapeli akajibu, "Sawa mzee, usijali." Mwisho wa mwezi akanikumbusha.

Umesikia nimetaja harusi. Zamani mchango wa harusi ulikuja na kadi. Kadi ilikuwa inapotea. Ilikuwa na haki ya kupotea. Siku hizi unashtukia tu umeingizwa kwenye grupu la WhatsApp, umeshawekwa, hujaulizwa, na kila saa tatu usiku mhazini anabandika orodha. Jina, ahadi, alicholipa. Namba moja mpaka mwisho. Mwenye kulipa kawekewa tiki ya kijani. Halafu namba 37, ahadi elfu hamsini, alicholipa, kistari. Kistari! Kila usiku kile kistari changu kinapita kwenye simu za watu mia. Nikifungua, wanaona nimesoma. Nisipofungua, wanaona sijasoma. Nikaandika pole kwa msiba wa bibi wa mwanachama mmoja, ili nionekane nipo. Mhazini akajibu chini yake: "Ahsante namba 37."

Ukweli na Uwazi ule. Uliondoka Ikulu, haukwenda kwa mawaziri, umekuja kutulia kwenye grupu la harusi ya mtoto wa jirani.

Na nyumbani je? Afadhali ya grupu. Mshahara wangu zamani ulikuwa kwenye bahasha, na kati ya Kariakoo na Mbagala bahasha ilikuwa inapungua kidogo, kwa sababu za kibinadamu. Sasa bosi anarusha kwenye simu. Miwani yangu imevunjika mguu, msomaji wangu wa meseji ni mama Zai. Inalia, anaisoma kwa sauti, mpaka senti. Mimi nakuwa wa mwisho kujua nimelipwa shilingi ngapi. Wa kwanza ni mama Zai, wa pili ni mpangaji wa chumba cha pili, maana ukuta ni mwembamba.

Lakini ya kwake siijui! Hiyo ndiyo inayoninyima raha. Yuko kwenye kikoba. Vikoba navyo, nikamuuliza mpwa wangu, hili balaa limetoka wapi, akaniambia wazo lilianzia Niger mwaka 1991, shirika la CARE na wanawake wa vijijini wakiweka akiba kidogo kidogo na kukopeshana wenyewe. Niger! Nchi ambayo siwezi kuionyesha hata kwenye ramani. Wanawake wa huko wamekaa chini, wamewaza, na wazo lao limepita majangwa na nchi zote hizo likaja kuketi Mbagala kwenye mkeka wangu. Mwanzo walikuwa na sanduku la kufuli tatu, wanawake watatu, kila mmoja na ufunguo wake. Hapo nilikuwa naliona, angalau nalitazama. Sasa hisa zinakwenda kwa simu. Zamani hela ya mke ilikuwa kwenye pindo la khanga, mume anasikia hata inapofunguliwa. Leo iko nyuma ya tarakimu nne.

Nimejaribu kubahatisha namba ya siri. Mwaka aliozaliwa Zai, imekataa. Mwaka wa harusi yetu, imekataa. Ile ya pili ndiyo iliyoniuma.

Kumwomba mke mkopo siwezi, nina heshima yangu. Nikaona zile programu za kukopa kwenye simu. Bonyeza hapa, kubali hapa, ruhusu hapa. Nikaruhusu kila kitu, mimi ni mtu wa kuruhusu. Hela ikaingia, nikalipa mchango, kistari kikafutwa, namba 37 ikapata tiki. Nililala nimeshika simu. Siku ya kulipa ikapita kidogo tu. Basi ile programu ikachukua majina yote yaliyomo kwenye simu yangu, ikawaandikia wote. Wote! Kwamba mimi ni mdaiwa sugu, tena nimewaweka wao wadhamini. Mwenye nyumba kapata. Bosi kapata. Sheikh kapata. Fundi kabati kapata, akanipigia kunitukana kwamba kumbe nina hela ya kukopa halafu silipi ya kabati. Hata yule tapeli wa mwisho wa mwezi kapata, maana nilishamhifadhi. Alinitumia pole.

Novemba 2024 Benki Kuu ikatoa orodha ya programu 69 zinazokopesha bila leseni, ikazipiga marufuku. Nawashukuru. Nilikuwa nimeshamaliza kuaibika.

Shangazi naye alipata ile meseji. Akapiga. Hakubipu, alipiga kwa vocha yake, nikajua mambo yamebadilika.

"Mwanangu, kumbe una shida hivyo, kwa nini husemi? Wanakudai ngapi?"

Nikamtajia. Akaniambia nisikate. Simu ikalia hapohapo sikioni. Mama Zai akaja akaisoma kwa sauti: deni lote, na juu yake nyongeza. Nikamuuliza shangazi, hii nyongeza ya nini?

"Ya kutolea."

Nikakaa chini. Nikamuuliza amepata wapi hela yote ile, korosho hazijauzwa. Akacheka. Kumbe ni wakala! Ana kibanda, ana meza, ana mwavuli, ana kitabu cha kumbukumbu. Alianza na visenti nilivyokuwa namtumia, akaviweka floti, floti ikazaa kamisheni, kamisheni ikaingia kikoba, kikoba kikamkopesha, akaongeza floti. Kijiji kizima kinatoa hela kwake. Na mimi kila nilipoweka ya kutolea, aliyekuwa anatoa ni yeye, na wakala aliyekuwa anapata kamisheni ni yeye. Sasa ile hela aliyonitumia imekuwa deni jipya. Naye anataka arejeshewe kwa riba ya kikoba, kila wiki.

Nilimsimulia mpwa wangu nikitegemea pole. Akafurahi kupita kiasi. Eti kuna watafiti wawili, Suri na Jack, mwaka 2016 waliandika kwenye jarida la Science kwamba M-Pesa iliziondoa kaya 194,000 za Kenya kwenye umaskini wa kutupwa, na wanawake 185,000 wakaacha kilimo cha kujikimu wakaingia kwenye biashara. Akasema shangazi ni mfano hai, lazima amweke kwenye utafiti wake. Nikamuuliza, na hao waliokuwa wanatuma je, kuna aliyewahesabu? Akasema hilo ni swali zuri. Akaagiza chapati mbili, kwa jina langu.

Basi msomaji wangu, kama uko pande za Masasi na umekwama, unataka kutoa hela hata usiku, pita kwa shangazi. Ulizia mwavuli. Floti haijawahi kukosekana pale. Naijaza mimi.